Chumvi Mahali pa Konokono

Mwanangu Zuhura,

Salamu tumepeana leo kutwa nzima mpaka zimeisha, kwa hiyo nitaziruka. Utakapofungua sanduku lako huko Ruiru, chini ya ile sketi mpya ya shule, mahali ulipokuwa umeuficha mkebe, utakuta mfuko wa chumvi ya mawe. Mkebe hutauona. Najua utakavyonuna, maana mara ya mwisho tulipogombana juu ya chumvi ulininyamazia siku nyingi mpaka majirani wakaniuliza kama mwanangu amekuwa bubu. Nuna tu, ni haki yako. Lakini soma mpaka mwisho kabla ya kuikunja barua hii, kwa sababu chumvi hiyo sikukuwekea kukuadhibu.

Na sikukupekua. Nililiinua sanduku kulisogeza mbali na pale bati linapovuja, nikasikia kitu kinabingirika ndani. Mimi ndiye niliyezikunja nguo zako, najua hakuna ya kubingirika. Nikafungua nikamkuta konokono wako Utingo ndani ya mkebe, kwenye udongo wake, umemtobolea kifuniko kwa msumari apate hewa, umemwekea na kipande cha papai cha safari. Wewe uliyemwahidi mama yako mdogo Amina, tena unamtazama machoni, kwamba konokono wote wanabaki Kiganjo! Nilicheka kidogo peke yangu, maana uso ule wa kudanganya ni wa baba yako mtupu. Kisha kicheko kikakauka.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, kusali, na kutokula vitu vya barabarani. Hayo Amina atakuimbia mpaka uchoke. Mimi nataka kukuambia mambo niliyoyakosea, ambayo mengine uliyaona kwa macho yako lakini ulikuwa mdogo mno kujua ulichokiona. Na liko moja ambalo hukuliona kabisa.

Ulikuwa unaanza shule wakati baba yako alipowaleta wale konokono. Alikuwa utingo wa lori lililopeleka mananasi ya mkebe Mombasa na kurudi na nazi, na kila aliporudi alikuwa na kitu mfukoni: kungumanga, ubani, mara moja kaa mzima aliyenifukuza jikoni. Safari ile alifungua kikapu mbele yako kukawa na konokono wawili, kila mmoja mrefu kama kidole changu cha mwisho. Nilirudi nyuma nikapiga mgongo mlangoni. Konokono wa huku kwetu tuliowajua ni wale wadogo wa kwenye sukuma, unamtupa kuku anadonoa. Hawa walikuwa na magamba yenye michirizi ya kahawia, na walipotoa vichwa, macho yao yalitangulia juu ya vijiti, yakageuka kunitazama.

“Huyu mtoto anataka mnyama,” baba yako akaniambia. “Mbuzi hatuna pa kumfunga, paka wewe humtaki. Hawa hawalii, hawaumi, wala hawaombi nyama.”

Ukawaita Dereva na Utingo. Baba yako akachovya njiti ya kiberiti kwenye rangi nyekundu waliyopakia bampa ya lori, akamtia Utingo nukta moja ukingoni mwa gamba, ili msigombane nani ni wa nani. Utingo akawa wake na Dereva akawa wako. Mkawatengenezea karai lililotoboka, udongo ndani, wavu wa waya juu na jiwe juu ya wavu. Jioni alipokuwa nyumbani mlikuwa mnawaogesha kwa maji ya uvuguvugu kwenye kibakuli changu cha maandazi, mnadhani sijui. Wakikutembea mkononi ulikuwa unaziba mdomo usicheke kwa nguvu wasije wakaingia ndani ya magamba. Nilikuwa nawatazama kutoka jikoni na kunung'unika, na moyoni nilikuwa nimefurahi. Nakuambia wazi kwa sababu hukuwahi kunisikia nikilisema.

Mwisho wa mwaka huohuo lori likaanguka usiku karibu na Voi. Walimleta asubuhi na kabla ya alasiri alikuwa kaburini. Wewe unajua mila yetu, wanawake na watoto hatwendi makaburini. Ulisimama mlangoni ukaona wanaume wanabeba jeneza wanapotea kwenye kona, basi. Hukuona shimo wala udongo. Mimi nikaingia eda, na wewe Amina akakuchukua Ruiru ukakae kwake wiki kadhaa ili usinione nikilia.

Hakuna aliyekumbuka karai. Ilikuwa kiangazi, vumbi la Thika linaingia mpaka kwenye meno, na mimi sikuwa na habari na udongo wa konokono kama ni mkavu au una maji. Uliporudi ulikimbilia karai kabla hujanisalimu. Ukawakuta wamejifunga ndani ya magamba, na mdomoni mwa kila gamba kuna kifuniko cheupe kigumu. Uligonga kwa ukucha, hakuna aliyejibu. Ukanijia nao mikononi.

Nilikuambia wamekufa. Sikukudanganya, mwanangu, niliamini hivyo. Na kosa langu la kwanza silo hilo. Kosa ni kilichofuata. Ulisema tuwazike, nikakubali. Ukataka sanda, nikachana shuka jeupe. Ukataka kuwasomea Fatiha, na mimi, mwanamke mzima mwenye akili, nilisimama nyuma ya nyumba chini ya mpapai na kanga yangu ya eda nikakuacha usome, kwa sababu niliona unamzika baba yako. Ulilia pale kilio ambacho hukulia siku ile mlangoni. Nikajiambia, vizuri, sasa mtoto ameaga. Usiku ule ulilala bila kuweweseka, na mimi nikalala pia, mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha mvua ya masika ikaanza. Siku ya tatu au ya nne ya mvua uliniamsha alfajiri, miguu yako ina matope mpaka magotini, na mkononi umembeba Utingo, kichwa nje, macho juu, yule yule mwenye nukta nyekundu. Dereva alikuwa kwenye shina la mpapai anapanda. Walikuwa wametoka wenyewe, wameitoboa ile sanda. Nilipiga yowe. Wewe hukuwa na hofu hata chembe. Uso wako ulikuwa na nuru ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

“Mama,” ukaniuliza, “na baba je?”

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelala saa chache, nina maziwa ya kuchemsha, nina mtoto mwenye matope kwenye shuka zangu. Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa fupi, na sikuwa na nguvu za kulitoa. Nikakuambia, “Labda.”

Unakumbuka ulichofanya baada ya hapo? Ulizitoa ndara za baba yako chini ya kitanda ukazipanga barazani, zikitazama ndani ya nyumba ili akifika azivae bila kugeuka. Kila mvua ilipoanza ulizitoa. Msimu baada ya msimu. Nilikuwa naziona nikirudi sokoni, zimelowa, nikazirudisha ndani, nawe ukazitoa tena. Siku moja nikazifunga kwenye gunia nikampa mtu wa takataka, wewe ukaambiwa zimeibwa. Uliniangalia tu. Nadhani siku ile ndiyo ulijua, na ulijua peke yako, mimi nikiwa hatua mbili kutoka kwako ninachambua mchele. Neno gumu ningelisema mimi asubuhi ile lingekuuma mara moja. Lile laini nililokupa lilikuuma kila masika.

Basi nimekuambia hilo. Sasa nikuambie la ukuta.

Tangu niolewe, kila Idd inapokaribia napaka nyumba chokaa. Mama yangu alipaka, bibi yangu alipaka, na hata tulipohamia hapa Kiganjo kwenye vyumba vya kupanga, wapangaji wenzangu wakinicheka, mimi nilipaka chumba changu nje na ndani. Idd iliyofuata kufufuka kwa wale wanyama wako nilipaka kama kawaida. Baada ya miezi miwili chokaa ya chini ilikuwa imekwenda, mawe yanaonekana. Nikafikiri ni chumvi ya ardhini inapanda na unyevu. Nikanunua chokaa nyingine, nikapaka mikono miwili, nene. Ikaenda tena. Nikapaka tena. Mama Wanjiru wa chumba cha pili akaniambia nimeuziwa chokaa feki, nikaenda kugombana na mwenye duka wa watu bure.

Mpaka usiku mmoja nilipotoka na koroboi kwenda msalani, nikasikia. Krr, krr, krr, taratibu, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria na hana haraka. Nikamulika. Ukuta mzima kutoka chini mpaka kiunoni ulikuwa na konokono, wakubwa na wadogo, vichwa vimebandikwa, wanakula chokaa yangu. Wanaijengea magamba. Wewe ulilijua hilo zamani, ulikuwa unawavunjia maganda ya mayai, mimi sikuwahi kuuliza ya nini. Kumbe miaka ile yote, kila Idd, nilikuwa nawaandalia karamu.

Na walikuwa wengi kwa sababu yangu pia. Wewe wako walikuwa karaini chini ya jiwe. Lakini udongo wa karai ulipochafuka nani alikuwa akiumwaga? Mimi. Niliumwaga kwenye bustani yetu ya nyuma, nikijisifu kuwa ni mbolea, na ule uliozidi nikampa Mama Wanjiru. Ndani mlikuwa na vile vitu vya njano vidogo, nikadhani ni dengu zilizooza, kumbe ni mayai yao.

Mama Wanjiru ni mtu wa Mungu, anaimba kwaya, hajawahi kunikosea adabu. Asubuhi moja alikuja akasimama mlangoni na shina la sukuma lisilo na jani hata moja.

“Mama Zuhura,” akasema, “hii kitu imemaliza shamba yangu yote. Sukuma, maharagwe, hata maua imekula. Sasa mimi nitauza nini?”

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Shamba lile lilikuwa ndilo linalomlisha, na hakurudi kulipanda tena hapo, alikwenda kuomba kipande mbali kule ng'ambo ya mto. Mpaka leo ananisalimia vizuri, na mpaka leo nikimwona na jembe lake begani akiianza ile njia ndefu, nageuka.

Siku ile ile nilinunua chumvi. Sikukuambia. Nilingoja uende madrasa nikaimwaga ukutani, bustanini, kila mahali, mikono mizima mizima. Sikujua kinachotokea. Wewe uliporudi ulikuta wanatoa povu, la kijani na la njano, wanajikunja, na ile sauti ya kuchemka ndogo ndogo. Hukulia. Ulichukua birika ukapiga magoti ukaanza kuwaosha mmoja mmoja, na kila uliyemwosha alikuwa amekwisha. Dereva alikuwa miongoni mwao, alikuwa ametoka karaini usiku uliotangulia sijui vipi. Ulimwosha mpaka maji yakaisha. Mimi nilisimama na mfuko mtupu mkononi, na bustani yangu mwenyewe nimeiua, kwa maana chumvi haichagui, na mwaka mzima haikuota hata magugu. Ndipo ukawa bubu.

Nimekuandikia haya ili ujue kwamba ninapokuwekea chumvi sandukuni, sijasahau.

Sasa lile ambalo hukuliona.

Mwaka huu unajua mvua ilivyo. Redio imeipa jina la kigeni, lakini jina haliizuii. Ilianza Oktoba ikakataa kukatika, Januari yote imepita bila vumbi, na tumefunga Ramadhani na kufungua tukiwa na matope mlangoni. Huu ndio wakati konokono walitakiwa wawe wamejifunga ardhini na vifuniko vyao vyeupe. Hakuna aliyejifunga. Wanakula, wanataga, wanakula. Ninavyoandika hapa nawasikia kwenye ukuta wa kichwani mwa kitanda changu, na ukuta wa upande wa pili pia, ambao zamani hawakuwa wakifika. Jana nimewaona kwenye ukuta wa shule, ng'ambo ya barabara.

Mvua ilipokuwa inaanza, Amina alinitumia salamu kwamba anataka mrehani wa kuweka kwenye nguo, wake umekufa. Unajua kichaka cha mrehani pale kando ya bomba. Nilichimba shina moja zuri, nikalitia kwenye sufuria kuukuu pamoja na udongo wake, mweusi, laini, nikaupapasa na kuushindilia kwa kiganja changu mwenyewe, nikampa kijana wa jirani anayefanya kazi Ruiru ampelekee. Nilikuwa na furaha siku ile. Mdogo wangu hanitegemei kwa mambo mengi, na hilo angalau niliweza.

Kabla ya hapo, siku moja nilipokuwa nachuma mrehani, ulikuwa umeniambia, “Mama, hapo chini ndipo wanapopenda kutagia, pana ubaridi.” Nami nikakujibu nini? Nenda ukasome, mtihani uko mlangoni.

Idd hii iliyopita Amina alipokuja kukuchukulia vipimo vya sare, wewe ulikuwa umetoka na wenzako kwenda kula Idd. Tulikuwa wawili tu, tunakunywa chai. Akautazama ukuta wangu akacheka.

“Dada, hata kwangu chokaa imeanza kubanduka huku chini,” akaniambia. “Ni hii mvua inaleta chumvi ya ardhini. Na panya nao wananikatia miche usiku, sijui wametoka wapi.”

Kikombe nikakiweka chini, Zuhura. Nilijua palepale. Niliona akilini ile sufuria ya mrehani imewekwa mahali pazuri, kwenye kivuli cha kitalu anachouzia miche, katikati ya miche yake ya kahawa na nyanya na miti ya matunda, safu kwa safu kwenye mifuko yake, udongo laini, unamwagiliwa asubuhi na jioni. Hakuna mahali duniani konokono angejiombea kuzidi pale. Na miche ile haikai. Watu wanaichukua kupeleka Juja, Githurai, Kahawa Wendani, mashamba ya mbali ambayo Amina mwenyewe hayajui, kila mche na udongo wake na kilichomo ndani ya udongo.

Akaniuliza, “Unadhani ni panya?”

Na mimi, baada ya yote niliyokuandikia hapo juu, unajua nilimjibu nini. Nilimjibu lile lile neno nililokujibu wewe alfajiri ile ya matope. Nilimwambia labda.

Nilikuwa na sababu na nitakuambia, ingawa haifai kitu. Kitalu kile ndicho kitakachokusomesha. Amina hana mume, hana mtoto, ana kitalu, na kutoka kwenye kitalu hicho amesema atakulipia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Nilifikiri nikimwambia kwamba ni mimi niliyemtumia balaa lile, na kwamba lilizaliwa kwenye karai la mtoto anayetaka kumchukua, atasema, basi, kaeni na mtoto wenu na wanyama wenu. Nilimwona amekaa pale anapuliza chai, mikono yake ina udongo kwenye kucha hata siku ya Idd, na niliogopa. Nikamwongezea sukari.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Kila nikifumba macho naliona shina la sukuma la Mama Wanjiru, ila anayelishika ni mdogo wangu.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Kesho ukifika Ruiru, kabla ya kuvua viatu, kabla ya chai, nenda nyuma ya nyumba utazame chini ya ukuta. Tazama chini ya mbao, chini ya magunia, upande wa ubaridi wa mifuko ya miche. Kisha inua ile sufuria ya mrehani uchimbe kwa vidole. Mimi sijui wanapojificha, nimepigana nao miaka na wamenishinda. Amina hajui hata kuwa wapo kwake. Wewe ndiye unayejua wanapolala, wanapotagia, saa wanayotoka. Kule kukaa kwako chini nyuma ya nyumba masaa mengi, nilikokuita uvivu, kumbe ulikuwa unasoma kitu ambacho leo nakihitaji kuliko kingine chochote.

Chumvi usiimwage kwenye udongo hata punje, utaua kitalu kwa mkono wako kama nilivyoua bustani. Itie kwenye ndoo ya maji, uikoroge, uwaokote mmoja mmoja uwatie humo. Mayai yachemshe. Najua ninachokuomba. Nakuomba ufanye kile ulichoniona nikifanya, ambacho hujanisamehe, tena ukifanye vizuri kuliko mimi. Kama povu litakushinda, geuza uso. Mimi pia nitakuja Jumapili na ndoo yangu, nitakaa mpaka tumalize au mpaka Amina anifukuze.

Lakini kama utawaona kesho, usiningoje Jumapili. Mwambie usiku huohuo. Mwambie wametoka kwenye mrehani wa dada yake, na kwamba dada yake alijua tangu Idd akanyamaza. Usinifunike. Kama ni wa kurudishwa nyumbani, urudi, tutajua la kufanya, nitaosha nguo za watu kama nilivyoosha nilipotoka eda. Bora urudi kuliko akulipie karo huku kitalu kinaliwa chini kwa chini na wewe unajua.

Utingo yuko hapa mezani. Nilikuwa nimemtoa kwa kusudi moja, na jiwe la kusagia liko hapa karibu. Kisha nikamgeuza nikaitafuta ile nukta nyekundu. Wakati baba yako anaipaka ilikuwa ukingoni, mdomoni mwa gamba. Sasa iko juu, karibu na ncha, ndogo kama punje ya mtama, na gamba lote lililo chini yake amelijenga tangu siku ile, kwa papai lako na chokaa yangu. Jiwe nimelirudisha jikoni. Nitamfuga mimi. Peke yake, kwenye mkebe, na udongo wake nitauchemsha kabla ya kuumwaga. Ukija likizo utamwona. Atakufa siku moja, na siku hiyo nitakuandikia kwamba amekufa, sitakuandikia kitu kingine.

Na kwa kuwa nimeshafika hapa, nilimalize na lile jingine, nimechelewa miaka mingi. Baba yako hatarudi, Zuhura. Hakuwa anarudi hata masika ile ya kwanza. Ningekuambia asubuhi ile na kukushika, na matope yako yote.

Mvua bado inapiga, nao wanaendelea kukwangua. Nimewapigia ukuta kwa kiganja, wamenyamaza kidogo, wameanza tena. Nitakuamsha kukiwa na giza ili upate gari la mapema, na barua hii nitakutia mkononi uisome njiani.

Amina ni mtu wa maswali. Ukimwonyesha utakachokipata chini ya mrehani, atakushika bega akuulize kama una hakika. Usimwambie labda.

Mama yako